Fundi wa Mlimani na Binti wa Hedaru

Sifael Mbwambo hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema ili tusije tukakosana huko mbele. Misiba ya watu alikwenda, mbuzi wa jirani akiingia kwenye maharage yake alimrudisha na kamba yake, na kanisani alikaa benchi la tatu kutoka mbele bila kusinzia. Ila mwaka huu, ukitaka kumwona anavyobadilika rangi, mtajie tu Yasmini. Shingo inakaza, mdomo unapinda, mkono unaingia mfukoni kutafuta bisibisi hata kama hakuna cha kufungua. Wivu, jamani. Wivu mtupu, wala tusiutafutie jina la heshima.

Kwa miaka kumi na tisa Sifael ndiye alikuwa fundi wa redio ya jamii pale Same mjini. Redio yenyewe ni vyumba vitatu nyuma ya soko, lakini mtambo unaorusha matangazo uko juu milimani, upande wa Vudee, ndani ya kibanda cha matofali chini ya mnara. Sauti inatoka mjini kwa mawimbi, inadakwa juu na dishi lililofungwa mnarani, inashuka kwa waya mpaka kibandani, ndipo inarushwa kwa watu wote, Hedaru, Kihurio, hata Ugweno siku hewa ikiwa nzuri. Waya huo aliupandisha Sifael. Mwaka ule barabara iliishia chini kabisa ya kilima. Pembe ikapigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo mtu hakai nyumbani labda awe mgonjwa wa kulala. Wakabeba vyuma na saruji mabegani, naye mbele yao kazungushiwa waya mwilini. Tangu siku hiyo akaitwa Fundi wa Mlimani, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Mama yake, Bibi Eliakunda, anaishi mwendo wa nusu saa chini ya mnara. Ana redio ndogo ya betri anayoiweka juu ya kabati, ndani ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mgeni akiingia kwake, kabla hajapewa kiti, anaambiwa, "Hiyo sauti unayoisikia imepita mikononi mwa mwanangu." Mgeni anaitikia, ndipo anapata kiti. Sifael alikuwa akijifanya anaona aibu, lakini siku mama yake akisahau kusema, alikuwa anakohoa kumkumbusha.

Mwaka jana redio ikapata mashine mpya za kuunganisha mjini na mlimani. Mawimbi ya zamani yalikuwa ya chini. Haya mapya ni ya juu sana, yale wanayoyaita maikrowevu. Sifael akapanda, akang'oa mashine ya zamani, akafunga mpya. Waya akauacha uleule. Tatizo likawa kwenye vichwa, zile konekta za chuma zinazofungwa mwishoni mwa waya, maana cha waya wa zamani hakikuingia kwenye mashine mpya. Sifael hakubabaika hata kidogo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vichwa alivyookota na kupewa kwa miaka yote hiyo, vya televisheni, vya simu za upepo, vya mitambo ambayo haipo tena duniani. Akachukua kimoja cha kugeuzia, akakifunga kwenye cha pili, cha pili kwenye cha tatu, mpaka vikakubali kuingia. Juu yake akazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa meno. Mtambo ukaimba, akashuka mlimani anapiga mluzi.

Masika yalipoanza, sauti ikaanza kumezwa. Msomaji wa matangazo, Daudi, anasoma vizuri studioni, lakini huku nje watu wanasikia nusu ya neno, halafu kelele, halafu kimya, halafu nusu nyingine. Sifael akasema ni mvua. Mvua ilipokatika akasema ni ukungu. Ukungu ulipoondoka akasema ni upepo, na Same upepo haukosekani, kwa hiyo hapo alikaa muda mrefu kidogo.

Halafu akaja Salehe, mkulima wa mpunga wa Kihurio, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na matope yakiwa bado yamemkaukia miguuni. Dada yake alikuwa amefariki kwa mumewe huko milimani, na tangazo la msiba lilisomwa mara tatu. Salehe alikuwa ameketi karibu na redio mara zote tatu. Alisikia "tunasikitika kutangaza kifo cha", kisha kelele, kisha "mazishi yatafanyika leo". Jina la dada yake limeliwa. Alipojua, kaburi lilikuwa na siku mbili. Hakugombana na mtu. Alisimama mlangoni pa mkurugenzi, Mama Fortunata, akasema, "Mimi nimekuja mnioneshe tu mahali jina la dada yangu lilipopotelea." Wiki iliyofuata Mama Fortunata akamwajiri Yasmini.

Yasmini alikuwa binti wa mwenye duka la vipuri pale Hedaru, barabarani. Umri miaka ishirini na sita, hijabu ya bluu, kasoma chuo Arusha, na anatembea na mkoba wa vyombo uliopangwa kila kitu mahali pake. Siku ya kwanza alimkuta Sifael stoo.

"Shikamoo Baba Jeni," akasema, maana mtoto wa kwanza wa Sifael anaitwa Jenifer, na binti alikuwa ameshauliza.

"Marahaba," Sifael akajibu, kwa sauti ya mtu anayetoa jino.

Basi ikawa mateso. Kila alikopita, Yasmini. Spika ya studio iliyokuwa ikikwaruza mwaka mzima kaitengeneza kwa dakika kumi, Yasmini. Daudi anamsalimia hewani, "na fundi wetu Yasmini popote ulipo". Fundi wetu! Miaka kumi na tisa Sifael hajawahi kusalimiwa hewani, hata siku ya kuzaliwa kwake ambayo aliitaja kwa Daudi mara mbili. Pikipiki ya ofisi, ambayo yeye aliiomba kwa barua, akapewa Yasmini bila barua. Hata Eliezeri, mlinzi wa kibanda cha mlimani, mzee mchoyo asiyempa mtu hata maji, akaanza kumtunzia ndizi mbivu.

Lililomwingia Sifael kwenye mfupa ni hili. Jumapili moja alipanda kwa mama yake, akamkuta anacheka peke yake.

"Yule binti wa redio alipita hapa," Bibi Eliakunda akasema. "Kaniondolea kutu kwenye betri, kanywa uji, kaniuliza habari za magoti. Yule mtoto ana mikono, Sifael. Ana mikono kweli."

"Kutu ya betri hata mtoto wa darasa la pili anatoa, mama."

"Mbona wewe hukuitoa?"

Sifael hakula chakula chake siku hiyo. Alishuka mlimani anaongea peke yake, na waendesha bodaboda wa Mwembe walidhani yuko kwenye simu.

Mama Fortunata akawaagiza wapande wote wawili wakaukague waya. Huko juu Yasmini alitoa mita yake, akapima kwenye dishi, akateremka, akapima tena mwisho wa waya, mbele ya mashine. Alirudia mara tatu. Sifael alisimama pembeni mikono kifuani, Eliezeri naye kaegemea mlango, hataki kupitwa.

"Baba Jeni, naomba uje uone," Yasmini akasema kwa upole. "Dishi likidaka mia, hapa zinafika ishirini tu. Waya wenyewe lazima ule kitu, hata ukiwa mpya, lakini kwa urefu huu haukutakiwa kula zaidi ya nusu. Zilizobaki zimeliwa hapa." Akagusa ile mipira ya tyubu.

"Hapo nilifunga mwenyewe," Sifael akasema.

"Najua, baba."

Akafungua mpira taratibu. Tone la kwanza likaanguka, la pili, kisha maji yenye rangi ya chai yakatiririka mpaka kwenye kiatu cha Sifael. Mpira ulikuwa umeyazuia yasitoke badala ya kuyazuia yasiingie.

"Lo!" Eliezeri akadakia. "Kumbe fundi ulikuwa unafuga samaki!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Yasmini hakucheka. Alivikausha vile vichwa vitatu kwa kitambaa, akaweka viwili kiganjani.

"Hiki ni cha redio, kipimo chake ni hamsini. Hiki ni cha televisheni, sabini na tano. Kwa nje ni pacha, na vinafungana bila shida. Lakini tazama sindano ya katikati. Hii nene, hii nyembamba. Nyembamba ikiingia kwenye tundu la nene haishiki, inagusa ikitaka na kuacha ikitaka. Na mawimbi yakifika mahali kipimo kinapobadilika, mengine yanageuza yanarudi yalikotoka."

"Miaka kumi na nane waya huu ulifanya kazi," Sifael akasema. "Nao ulikuwa na vichwa vya kopo hilohilo."

"Ulifanya kazi kwa sababu mawimbi yale ya chini yalikuwa marefu, baba. Kosa dogo namna hii hayakulihisi. Haya mapya ya juu ni mafupi mno, kila kiungo kwao ni kizingiti. Ukiweka vitatu, kila kimoja kinachukua chake, na maji nayo yanachukua yake. Si kosa la mtu. Mashine ndiyo imebadilika."

Mwingine angeshukuru hapo. Amepewa mlango wa kutokea, umefunguliwa kabisa, na taa imewashwa. Lakini wivu hauna shukrani. Sifael alisikia neno moja tu katika maelezo yote yale, nalo ni kosa. Lilibaki linamlia kichwani njia nzima ya kurudi Same, na lile la Eliezeri la kufuga likiwa juu yake. Kufikia Jumatano kijiji kizima kilikuwa kinauliza kama samaki wa fundi wamekua.

Mama Fortunata akaamua mambo yafanywe upya. Waya mnene mpya, vyuma vya kuongezea mnara, kibanda kipigwe plasta, na wanakijiji waitwe kwa msaragambo siku ya Jumamosi. Akawaita mafundi wake wawili ofisini.

"Mlimani nataka msimamizi mmoja," akasema. "Mmoja tu, ili likiharibika nijue wa kumwuliza. Jumamosi jioni nitaandika jina."

Alimtazama Sifael kidogo, akamtazama Yasmini zaidi kidogo. Labda hakuwatazama hivyo, lakini Sifael alipima hivyo, na mita yake siku hizo ilikuwa inasoma jambo moja tu. Fundi wa Mlimani asiye na mlima atakuwa nani? Atakuwa Sifael tu, mtu wa kubadilisha balbu za studio. Na mama yake atamwambia nini mgeni kabla ya kumpa kiti?

Ijumaa mchana kifurushi kikaja na basi kutoka Dar es Salaam. Sifael alikwenda kukipokea stendi, akakifungua stoo akiwa peke yake, maana Yasmini alikuwa amekwenda kuswali. Ndani mlikuwa na vichwa vya waya mnene, vizito, vinang'aa, na kando yake waya mfupi wa urefu wa mkono, umefungwa vichwa kiwandani ncha zote mbili. Huo ndio wa mwisho kabisa, unaotoka kwenye waya mnene kwenda kwenye mashine, kwa kuwa waya mnene ni mgumu na haukunjiki kirahisi.

Sasa, ndani kabisa ya kopo lake la maziwa Sifael alikuwa na waya mfupi kama huo. Aliuokota mwaka ambao kampuni moja ya televisheni ilifunga ofisi yake mjini. Urefu uleule, weusi uleule, vichwa vinang'aa vilevile. Ila sindano nyembamba. Ya sabini na tano. Mwezi mmoja nyuma asingejua tofauti. Aliyemfundisha ni Yasmini mwenyewe, kwa kiganja chake, na somo lilikuwa limeingia vizuri kabisa.

Akabadilisha. Wa binti akautia kwenye kopo, wa kwake akauweka kwenye kifurushi, akakunja plastiki mikunjo ileile. Moyo ulimdunda, na nikuambie ukweli, ulidunda kwa raha. Hesabu aliipiga hapohapo. Kesho ukikazwa upya sindano itagusa, hata mita itasema sawa. Watu watashangilia. Jumapili utaimba. Jumatatu au Jumanne upepo utaanza kuutikisa mnara na sauti itaanza kumezwa tena, na watu watasema, si yule msomi ndiye aliyefunga? Ndipo watamwita nani? Akafunga mlango wa stoo, akaenda kunywa chai na chapati mbili, ambazo aliziona tamu.

Jumamosi pembe ikalia alfajiri. Mpaka saa tatu njia ya kibandani ilikuwa imejaa watu, wanaume na vyuma, kina mama na ndoo za mchanga na maji, waya mnene umezungushwa kama ngata kubwa na kubebwa na vijana wanne kwa zamu. Masufuria ya makande yalikuwa yanachemka nyuma ya kibanda. Mara Sifael akamwona Salehe. Alikuwa amepanda kutoka Kihurio, kwenye lori la saruji, na sasa anapanda kilima na mfuko begani, kwa umri ule, ndevu zimekuwa nyeupe zaidi kwa vumbi.

"Mzee, wewe hukuitwa," Sifael akamwambia. "Huu ni msaragambo wa huku."

"Dada yangu kazikwa huku," Salehe akasema, akapita.

Saa sita vyuma vilikuwa vimesimama na waya umeshuka mpaka kibandani. Yasmini alivifunga vichwa vya waya mnene kwa mkono wake, na hata Sifael, aliyekuwa anatafuta kasoro kwa macho mawili, hakuona pa kushika. Aliondoa ganda la waya bila kukwaruza shaba, hakukata hata uzi mmoja ili uingie. Sifael mwenyewe alikuwa na tabia ya kupunguza nyuzi zikikataa kuingia. Alimwangalia binti anavyofanya na roho ikamuuma, kwa sababu kazi nzuri fundi anaitambua hata akiichukia.

Kisha Yasmini akatoka mlangoni, akajifuta mikono.

"Wazazi wangu, shikamooni!"

"Marahaba!" kilima kizima kikaitika.

"Mimi nimekuja juzi tu. Huu mlima una fundi wake. Alipanda na waya wa kwanza begani, na wengi wenu mlikuwa nyuma yake. Kiungo cha mwisho si changu kukifunga. Namwomba Baba Jeni akifunge yeye."

Vigelegele vikapaa. Eliezeri akapiga makofi juu ya sufuria. Na Sifael, badala ya kufurahi, akaona moto umempanda kifuani. Kumbe hata heshima yangu anaigawa yeye! Ni mali yake? Nani kamwambia naihitaji kutoka kwake? Akaingia kibandani kwa hatua za hasira, na Yasmini akamwekea mkononi ule waya mfupi.

Hapo ndipo akakumbuka ameshika nini.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani. Salehe alikuwa ameketi chini palepale kizingitini, mabega yana saruji, anapumua kwa shida. Sifael akaingiza ncha ya kwanza kwenye waya mnene, akazungusha. Ikafungana vizuri. Hakuna ambaye angejua. Akaigeuza ncha ya pili kuelekea kwenye mashine.

"Fundi," Salehe akaita kutoka pale chini. "Sasa majina hayataliwa tena, siyo?"

Sifael akafungua mdomo aseme ndiyo. Neno lenyewe jepesi, silabi mbili tu. Akazungusha kichwa cha waya nusu mzunguko, na vidole vikasimama. Si kwamba wivu ulikuwa umeondoka. Ulikuwepo, umejaa tele. Lakini katika miaka yote kumi na tisa alikuwa amefunga vibovu vingi bila kujua, na hajawahi hata siku moja kufunga kibovu akijua. Mkono haukuwa na mazoea hayo. Ukagoma.

Akaufungua tena, ncha zote mbili.

"Huu si waya wake," akasema, hamtazami mtu. "Huu ni wa kwangu, wa televisheni. Nimeubadilisha jana. Nilitaka uharibike wiki ijayo, ili muone yeye hajui kazi."

Hata mwiko wa makande ulisimama. Yasmini akauchukua ule waya, akaitazama sindano yake, akamtazama Sifael. Macho yake yalijaa maji, kisha yakakauka haraka.

"Saa ngapi jana?" akauliza.

"Ulipokwenda kuswali."

Uso wa Yasmini ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu aliyemwamkia.

"Na wa kwangu uko wapi?"

"Kwenye kopo. Stoo, mjini."

Hapo minong'ono ikalipuka. Kwenye msaragambo mtu haondoki mpaka pembe ipigwe ya kumaliza, na pembe haipigwi kazi ikiwa haijaisha. Maana yake watu mia na ushee wakae juu ya kilima, kina mama wenye ng'ombe hawajakamuliwa, wazee wenye migongo, wote wamsubiri Sifael ashuke Same akalete waya wa urefu wa mkono. Mama Fortunata, aliyekuwa amepanda na watu tangu asubuhi, hakupaza sauti. Alinyoosha kidole kuelekea njiani tu.

Sitakusimulia yote ya safari ile. Bodaboda aliyempakia alikuwa kijana wa kijijini, na hakumsemesha kwenda wala kurudi, kitu ambacho mwendesha bodaboda hafanyi hata kwa polisi. Aliporudi ilikuwa karibu saa kumi. Ilimbidi apite katikati ya watu wale, wameketi pande zote mbili za njia, na hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane. Mama mmoja alisogeza miguu yake ili apite, basi.

Alimpa Yasmini ule waya kwa mikono miwili. Binti aliupokea kwa mmoja.

"Waya mnene unaruka," Yasmini akasema kwa sauti kavu, bila kumwita baba wala nani. "Mtu aushike, nikikaza usinivute."

Hakuna aliyesogea. Sifael akapiga magoti, akaukumbatia ule waya mgumu kifuani, akaubana usitikisike, huku Yasmini akikaza kichwa kwa spana, taratibu, mpaka mahali panapotakiwa na si zaidi. Akapima. Akampa Mama Fortunata mita aone mwenyewe. Kwenye redio ya Eliezeri sauti ya Daudi ikatoka safi kabisa, ikasoma matangazo ya vifo ya siku ile, jina kwa jina, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji. Salehe alisikiliza mpaka la mwisho, ingawa hakuna lililomhusu. Pembe ikapigwa. Mama Fortunata akatoa daftari, akaandika jina moja, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nani.

Sifael alishuka kwa mguu, peke yake. Kila nyumba aliyopita redio ilikuwa wazi, na sauti ilimfuata kutoka mlango hadi mlango, haikatiki. Vizuri mno. Alitamani, Mungu amsamehe, ikatike hata mara moja. Haikukatika.

Bibi Eliakunda alikuwa amesimama uani, redio kifuani, uso wote unacheka.

"Mwanangu! Nimesikia kila jina! Hata la yule mzee wa Mbaga, mpaka na wajukuu zake. Nimewaita majirani, nimewaambia, mnasikia? Ile ndiyo mikono ya Sifael."

Alikuwa bado hajapata habari. Angezipata kesho kanisani, lakini usiku mmoja ni usiku, na Sifael angeweza kuulala akiwa bado Fundi wa Mlimani katika nyumba moja angalau duniani. Alimtazama mama yake. Wivu ukamchoma palepale, mkali kuliko siku zote, kwa ajili ya furaha ile usoni ambayo haikuwa yake.

"Si mimi, mama," akasema. "Ni Yasmini."

"Yasmini?" Bibi Eliakunda akaishusha redio taratibu. "Na wewe kutwa nzima ulikuwa unafanya nini huko juu?"

"Nilikuwa namshikia waya."